Farasi wa Karatasini: Namna ya Kusoma Nguvu za Gari Kabla ya Kutoa Pesa

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lakini debe nitakalolizungumzia hapa, msomaji mpenzi, halikuwa tupu. Lilikuwa na kitu ndani, ila mwenye kuliuza alilipiga upande ule wenye sauti kubwa, nasi tukadhani limejaa mpaka pomoni.

Kisa chenyewe kilianzia nyumbani kwetu hapa Malindi. Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa nazi. Huvuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likawapumzisha watu na adha ya feri, akafika Mavueni, kisha akakunja kuelekea Kaloleni. Huko hununua nazi, akazileta Malindi kuuza. Kwa miaka mingi alikuwa akikodi gari la watu. Mwishowe yeye na ndugu zake wawili wakachanga akiba zao ili wanunue pikapu yao wenyewe, iliyokwisha tumika lakini ingali nzima.

Magari yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la petroli, la pili la dizeli, na bei zao zilikaribiana. Kila moja lilikuja na broshua yake, karatasi zinazong'ara utadhani zimepakwa mafuta ya nazi. Ya petroli iliandika kwa herufi kubwa: nguvu 120. Ya dizeli iliandika 91. Mjomba alizitazama, akacheka, akasema, "Hapa hakuna mashauri. Farasi mia na ishirini na farasi tisini na moja, nani atamshinda mwenzake?" Pesa zikatoka, pikapu ya petroli ikaja.

Haukupita mwezi. Siku moja, gari likiwa limejaa nazi, mjomba aliukuta mwinuko kwenye njia ya kurudi Mavueni. Gari likapanda, likachoka, likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Akakanyaga klachi nusu, akaongeza moto, akaachia, akakanyaga tena. Mara harufu ya kuungua ikajaa ndani. Klachi ikateketea pale pale. Nazi zilikaa kando ya njia mpaka jioni, na gharama ya kulivuta gari na kuweka klachi mpya ilikula faida ya safari nyingi.

Aliporudi aliniita, akanitupia zile broshua mbili mapajani. "Mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo hivyo, "wewe wasoma fizikia, sivyo? Hebu nambie. Hawa watu walinidanganya, ama mimi ndiye sikusoma?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Fizikia tunaisoma kwa Kiingereza, na mjomba aliniuliza kwa Kiswahili. Nilimwendea mwalimu wetu, nikamwendea na fundi mmoja wa gereji, nikarudi kwenye daftari langu. Haya ndiyo niliyoyapata.

TOKI NI NINI?

Katika broshua yoyote utaona mambo mawili yametajwa: nguvu na toki. Wengi wetu huona la kwanza tu.

Tuanze na toki. Umewahi kuona fundi akihangaika na nati ya gurudumu iliyoshika kutu? Akitumia spana fupi, haitoki. Akichomeka paipu kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, nati inalegea. Mkono wake haujaongezeka nguvu. Kilichoongezeka ni urefu wa pale anaposukumia. Ule uwezo wa kupindua, yaani kani ukizidisha kwa urefu wa mkono wa spana, ndio toki. Ukisukuma kwa kani ya nyutoni 200 kwenye spana ya nusu mita, umetoa toki ya nyutoni-mita 100. Ndani ya injini, pistoni ndiyo mkono wa fundi, na krenkishafti ndiyo spana.

Sasa nguvu. Fikiri vijana wawili wanaopakua nazi. Mmoja ana misuli, hubeba nazi arubaini kwa mara moja lakini huenda polepole. Wa pili ni mwembamba, hubeba kumi tu, ila huenda mbio na kurudi mara tano kabla yule wa kwanza hajarudi mara moja. Mwisho wa saa, nani amepakua nazi nyingi zaidi? Ni yule mwembamba. Mzigo wa kila safari ni mfano wa toki. Idadi ya safari ni mfano wa mizunguko ya injini. Na jumla ya kazi iliyofanyika kwa saa ndiyo nguvu.

Kwa hiyo nguvu si kitu kilicho mbali na toki. Nguvu ni toki ukizidisha kwa kasi ya mzunguko. Hesabu yake ni nyepesi: chukua toki kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Utapata kilowati. Iandikeni, wenzangu, nyuma ya madaftari yenu, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

FARASI ALIKUWA TANGAZO TANGU MWANZO

Huenda utauliza, farasi wameingiaje kwenye injini? Karne ya 18, Mskochi mmoja aitwaye James Watt alikuwa akiuza mashine za mvuke. Wateja wake walikuwa wakitumia farasi kuzungusha mitambo na kuvuta maji migodini. Watt akaona vyema awaambie kwa lugha wanayoielewa: mashine yangu hii itafanya kazi ya farasi kadhaa wako. Akakadiria kazi ya farasi mmoja kuwa pauni 33,000 kuinuliwa futi moja kwa dakika. Kwa kipimo cha leo hiyo ni kama wati 746.

Hivyo basi, kipimo hiki kilizaliwa dukani. Tangu siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kumshawishi mnunuzi. Si ajabu kwamba hadi leo ndicho kinachoandikwa kwa herufi kubwa kuliko vyote.

Na farasi wenyewe si wa aina moja! Farasi wa Kiingereza ana wati 746 hivi, na yule wa kipimo cha Ujerumani na Japani, anayeandikwa kwa herufi PS, ana wati 735 na nusu. Injini ya kilowati 100 ni farasi 134 kwa Mwingereza na 136 kwa Mjapani. Muuzaji hodari hukupa ile namba iliyo kubwa. Ndiyo maana mwalimu wetu alinishauri nisilinganishe farasi na farasi kabla ya kuwageuza wote kuwa kilowati. Nilipogeuza, gari la petroli la mjomba lilikuwa na kilowati 88, na lile la dizeli 67. Bado la petroli lilikuwa mbele. Mbona basi likaungua klachi?

KILELE NA MTEREMKO

Jibu lilikuwa kwenye maandishi madogo. Chini ya ile 120 palikuwa pameandikwa: kwa mizunguko 5,600. Na toki yake ya juu kabisa, nyutoni-mita 170, ilipatikana kwa mizunguko 4,400. Ile ya dizeli ilitoa kilowati zake 67 kwa mizunguko 4,000, na toki yake ya nyutoni-mita 190 ilipatikana kwa mizunguko 2,400 tu.

Namba ya broshua ni kilele cha mlima. Inakwambia mlima una urefu gani, haikwambii kilele kiko umbali gani kutoka unaposimama. Mjomba wangu, kabla ya kuwa tajiri wa nazi, alikuwa dereva wa lori kuukuu la dizeli. Mguu wake umezoea kuendesha kwa mizunguko 2,000 hivi. Ukiisikia injini yake imepanda hata 3,500, ujue amekasirika.

Nikaichukua ile grafu ya broshua ya dizeli, nikasoma toki kwa mizunguko 2,000. Ilikuwa kama nyutoni-mita 185. Nikazidisha, nikagawanya: kilowati 39 hivi. Nikaenda kwenye grafu ya petroli. Lo! Mstari wake ulianzia mizunguko 2,500. Huku chini hapakuwa na kitu, weupe mtupu. Ikabidi niurefushe ule mstari kwa penseli, na mwalimu akanionya kwamba hayo ni makadirio tu. Nilipata toki ya kama nyutoni-mita 140. Hesabu ikatoa kilowati 29.

Mnaona, wenzangu? Pale anapoendeshea mjomba, gari la farasi 91 lilikuwa na nguvu kuliko gari la farasi 120, tena kwa zaidi ya robo.

Nikataka kujua ule mwinuko ulidai kiasi gani. Nikakadiria gari na mzigo wake kuwa kilo 2,800, na mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi. Uzito ni kama nyutoni 28,000, na sehemu moja ya kumi yake ni 2,800. Ongeza nyutoni 400 za matairi kukwaruza njia, jumla 3,200. Ukipanda kwa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa sekunde, magurudumu yanahitaji kilowati 35. Baadhi ya nguvu hupotea kwenye gia na shafti, kwa hiyo injini lazima itoe kama 40. Dizeli ingezipata ikifika mizunguko 2,100. Petroli ilibidi ifike karibu 2,700, na ili ifike huko ilihitaji gia ndogo na mguu usioogopa kelele. Mjomba akaishikilia kwa 2,000, akaisaidia kwa kuitesa klachi. Klachi nayo ina mpaka wake.

Fundi aliponisikia nikieleza hivi alicheka, akaongeza neno. "Usimlaumu sana petroli, kijana. Gia ndiyo paipu ya spana. Ukiweka gia ndogo, toki inayofika magurudumuni huzidi. Hiyo gari ingepanda, tena ingepanda mbio kuliko dizeli, lau ingeachwa ilie. Lakini nani ataka kulia na gari toka Kaloleni mpaka Malindi, na petroli nayo inakwenda kama maji?"

Maneno hayo ni ya haki na lazima niyaandike. Gari la petroli halikuwa bovu. Lilikuwa gari la kazi nyingine, au la dereva mwingine.

UJANJA WA GRAFU

Baada ya hapo nilianza kukusanya broshua kutoka kwa kila mtu. Nimegundua mbinu kadhaa, na nyingi si uongo. Ni ukweli uliovishwa nguo ya sikukuu.

Kwanza, kuukata mguu wa grafu. Mhimili wa kusimama hauanzii sifuri. Katika broshua ya mjomba, nguvu zilianzia kilowati 30, na ule mstari ukaonekana unapaa kama kombora. Nilipoichora upya kwenye karatasi ya miraba kuanzia sifuri, kombora liligeuka kilima cha kawaida. Na mhimili wa chini nao ulianzia 2,500, mahali ambapo udhaifu umekwisha pita.

Pili, mistari miwili yenye vipimo tofauti. Upande wa kushoto kilowati, upande wa kulia nyutoni-mita, na mistari hupishana katikati kwa madaha. Muuzaji mmoja aliwahi kutuambia kwamba pale inapopishana ndipo injini ilipo tamu. Si kweli. Kwa kilowati na nyutoni-mita, makutano hayo hutegemea mchoraji alivyopanga vipimo vyake. Ukitumia farasi wa Kiingereza na futi-pauni katika kipimo kimoja, mistari hukutana daima kwa mizunguko 5,252, iwe ni injini ya pikipiki au ya lori, almuradi ifike huko. Ni matokeo ya hesabu, si siri ya injini.

Tatu, mguu mpaka chini. Grafu zote hizi hupimwa aksele ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Hazisemi lolote kuhusu gari linavyojibu ukikanyaga nusu, na sisi wengi huendesha kwa nusu hiyo.

Nne, meza. Dizeli za siku hizi zenye tabochaja huonyesha mstari wa toki uliolala sawa kama meza, tuseme kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,400. Hapa kuna ukweli wenye manufaa, kwa sababu tabochaja huiongezea injini hewa mapema, na kompyuta ya gari huizuia toki isipite kiwango ili gia zisivunjike. Lakini tazama upana wa meza, na tazama kinachotokea kabla yake. Chini ya hapo mstari huporomoka ghafla, na dereva aliyebeba mzigo ataonja mporomoko huo kila anapoondoka mahali.

Tano, picha. Gari limesimama juu ya jabali, vumbi linaruka, jua linatua. Watu wa makamo watakumbuka jinsi matangazo ya magari yalivyojivunia Safari Rally, na ushindi wenyewe ulikuwa wa kweli: Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975, na Datsun ikashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini gari la mashindano huwa limeandaliwa na mafundi wake. Lile la dukani ni binamu yake tu.

HEWA YA KARATASI NA HEWA YA PWANI

Jambo jingine nililolifurahia ni hili. Namba za broshua hurekebishwa ziwe kana kwamba injini ilipimwa kwenye hewa ya nyuzi 25 za joto na kanieneo ya kilopaskali 99. Sasa sisi Malindi tuko ufukweni. Joto letu hupita hapo, na joto huipunguzia injini hewa kidogo. Lakini kanieneo yetu ni nzuri, kwa hiyo injini yetu haiko mbali na karatasi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia kumi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo pikapu ile ile ikipelekwa Nairobi hupoteza zaidi ya sehemu moja kati ya saba ya nguvu zake. Ukimwona jamaa wa bara anashuka pwani akisifu gari lake limepata uhai, msicheke, asema kweli!

JE, KUNA WALIOKOSEA KWELI?

Wapo. Zamani watengenezaji wa Marekani walipima injini ikiwa mezani peke yake, bila ekzosi ya kawaida na bila vitu inavyovizungusha ikiwa ndani ya gari. Namba zikawa nono mno. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakageukia kipimo cha injini iliyovaa vifaa vyake vyote, na farasi wengi wakatoweka karatasini ilhali injini ni zile zile.

Mwaka 2001 Mazda ilitangaza Marekani kwamba gari lake dogo la Miata lina farasi 155. Baadaye ikakiri kuwa ni 142, ikajitolea kuyanunua tena magari kutoka kwa waliokwisha yanunua. Mwaka 2002 Hyundai nayo ilikiri kwamba nguvu za magari yake mengi yaliyouzwa Marekani zilikuwa zimetiwa chumvi.

Cha kuchekesha ni kwamba wengine walipunguza! Kuanzia 1989, kampuni za Japani zilikubaliana zisitangaze gari la nyumbani lenye zaidi ya farasi 280. Injini zikaendelea kukua, lakini karatasi ikabaki 280 mpaka mapatano hayo yalipokwisha mwaka 2004. Basi hata karatasi inayonong'ona si lazima iwe inasema kweli.

Na msidhani umeme utatuokoa. Mota ya umeme ina sifa halisi: toki yake kubwa hupatikana tangu inapoanza kuzunguka. Lakini wauzaji wamepata mlango mpya, wa kutaja toki ya kwenye gurudumu baada ya gia kuizidisha, badala ya ile ya mota yenyewe. Mwaka 2020 gari la umeme la GMC Hummer lilitangazwa kuwa na toki ya futi-pauni 11,500. Hiyo ilikuwa ya magurudumuni. Ukiizidisha toki ya pikapu ya mjomba kwa gia yake ya kwanza na ya nyuma, nayo itavimba vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya pikipiki ya umeme, uliza: toki hii ni ya mota ama ya gurudumu?

JARIBIO KWA MSOMAJI

Tujaribu pamoja mfano mmoja ambao wengi tumeuona ukipita njia ya Garsen: Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabochaja. Karatasi yake husema kilowati 96 kwa mizunguko 3,800, na nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200. Namba mbili tu. Lakini kwa ile hesabu yetu tunapata nne. Kwa 2,200: 285 mara 2,200 gawanya kwa 9,549, ni kilowati 66. Kwa 3,800: 96 mara 9,549 gawanya kwa 3,800, ni nyutoni-mita 241. Yaani injini hii ikiwa bado inatembea taratibu imekwisha toa zaidi ya thuluthi mbili za nguvu zake zote. Ndiyo maana hupendwa kwenye mchanga na matope, ingawa farasi wake hawamtishi mtu. Broshua inaweza kuficha grafu, lakini haiwezi kuficha hesabu.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa faida ya yeyote ambaye kwao wanafikiria kununua gari la kazi, nimeyafupisha haya:

1. Namba hii imepatikana kwa mizunguko mingapi? Je, dereva wetu hufika huko?
2. Ni kilowati, farasi wa Kiingereza au PS? Geuza zote ziwe kilowati kwanza.
3. Grafu inaanzia wapi, chini na pembeni? Kama si sifuri, ichore upya.
4. Toki kwa mizunguko 2,000 ni ngapi? Hapo ndipo mzigo unapoondokea.
5. Je, naweza kulijaribu likiwa na mzigo? Gari tupu hupanda mlima wowote.

JIBU LA MJOMBA

Nilipomaliza nilimrudia mjomba na daftari langu. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba hakudanganywa kwa namba. Kila namba kwenye karatasi ile ilikuwa sahihi. Ila hakuambiwa namba aliyoihitaji, naye hakuiuliza.

Alinyamaza kitambo. Nilihofia nimemkosea, maana si vyema mtoto kumwambia mkubwa kwamba naye ana sehemu yake katika hasara. Kisha akasema, "Basi klachi niliiunguza mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Ndugu zangu niliwaambia ni gari bovu. Itabidi niwaambie kweli."

Na aliwaambia. Siku hizi akifika kwenye ule mwinuko huteremsha gia mapema, anaiacha injini ilie mpaka kileleni. Huniambia masikio yanamuuma, lakini klachi ya pili ingali nzima.

Sasa ndugu hao watatu wanachanga tena ili wapate gari la pili. Juzi mjomba alinichukua twende naye kwa muuzaji. Muuzaji akafungua broshua, akaweka kidole juu ya namba kubwa. Mjomba hakuitazama. Akamuuliza, "Hii, ndugu yangu, kwa mizunguko elfu mbili ina toki ngapi?" Muuzaji akafunua ukurasa, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Grafu hiyo ilianzia mizunguko 2,500.

Mjomba akanitazama, nami nikamtazama. Akaomba gari lijaribiwe likiwa na magunia ya nazi. Mpaka tunakwenda mitamboni alikuwa bado anangoja jibu, na pesa za ndugu zake zingali salama benki.

Wenzangu, fizikia si ya mtihani peke yake, na Kiswahili si cha insha na mashairi peke yake. Kuna watu nyumbani wanaotoa akiba ya miaka kumi kwa sababu ya namba moja iliyoandikwa kwa wino mzito. Tukiweza kuwaeleza kwa lugha yao namba ile inasema nini na inanyamazia nini, elimu yetu itakuwa imefika nyumbani. Kuuliza si ujinga.